Sema Kwa Nini Kabla ya Kugeuza Kadi

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi funguo za chumba namba tatu, koti jeupe, na kile kiti ambacho mguu wake mmoja niliufunga bandeji miaka mingi iliyopita na haujavunjika mpaka leo. Sasa ni saa nne asubuhi, nimekaa kibarazani kwangu hapa Tunduma, nakunywa chai ikiwa bado ya moto. Siku za kazi sikuwahi kuinywa hivyo. Nilikuwa naikuta imepoa, ina utando juu, naitazama, naiacha.

Tabibu Lusajo, aliyepokea chumba changu, ndiye aliyeniomba niandike. Aliniambia, "Madam, tuandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo." Nimekubali, ila kuhusu vyeo msitegemee kitu. Vyeo vilikuja kwa barua na barua zimo kwenye faili, anayetaka akasome huko. Nitawaandikia habari za maswali, kadi, na siku moja ambayo niliogopa kuliko siku zote za kazi yangu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ndalambo. Mimi ni mtoto wa Mbozi, nimekulia kwenye kahawa, na nilifika nikiwa na cheti kipya, sweta mbili, na uhakika mwingi mno. Wenyeji walinisalimia kwa Kinamwanga, nikajibu kwa Kinyiha, tukaelewana nusu na nusu nyingine tukacheka. Mkuu wangu pale alikuwa Mzee Enea, tabibu mkongwe, mwembamba, miwani yake imeshikwa na waya wa shaba. Hakuwa na desturi ya kumkaribisha mtu. Siku ya kwanza, tukiwa tunatembea kutoka chumba cha dawa kwenda wodini, aliniuliza bila kunitazama.

"Figo ya kulia na ya kushoto, ipi iko chini?"

"Ya kulia, Mzee."

"Kwa nini?"

Niliijua figo, kwa nini yake sikuijua.

"Ini limekaa juu yake," alisema. "Sasa utaikumbuka. Jibu lisilo na kwa nini linakaa kichwani mpaka siku ya mtihani tu, kisha linahama."

Ikawa ndiyo maisha yetu. Mfupa mdogo kuliko yote uko wapi? Ndani ya sikio. Kwa nini uwe mdogo hivyo? Kwa sababu unapitisha mtikisiko wa sauti, ukiwa mzito sauti itazama. Mshipa gani unaitwa vena na bado unabeba damu yenye oksijeni? Ule unaotoka kwenye mapafu kurudi kwenye moyo. Kwa nini uitwe vena, basi? Kwa sababu jina linafuata njia, kwamba unarudi moyoni, halifuati mzigo. Nilikuwa naulizwa nikiosha vyombo vya kuchomea sindano, nikila, hata nikiwa kwenye foleni ya maji. Mara nyingine nilijificha stoo ili nipumzike kidogo na maswali ya mwili wa binadamu.

Mwezi wa pili alikuja mama mjamzito mwenye malaria kali. Nilimwekea dripu ya kwinini, dawa tuliyoitumia enzi hizo, na nikajisifu kimoyomoyo kwa jinsi nilivyoupata mshipa mara moja. Asubuhi iliyofuata nikamkuta ameloa jasho la baridi, macho yanaangalia bila kuona, ukimwita haitikii. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Malaria imepanda kichwani. Tuandae kwinini nyingine."

Mzee Enea alikuwa amesimama mlangoni. "Binti, sema kwa nini."

"Kwa sababu amechanganyikiwa, Mzee."

"Hiyo ni dalili, naiona na mimi. Kwa nini amechanganyikiwa?"

Akauliza mama huyo alikula lini. Ndugu yake akasema tangu jana mchana hajagusa kitu. Mzee akamshika kiganja, kikiwa kimelowa, akachukua bomba la glukosi akaanza kulisukuma taratibu kwenye mshipa. Mashine ya kupima sukari hatukuwa nayo. Bomba halijaisha, yule mama akafumbua macho akauliza khanga yake iko wapi. Kwinini hushusha sukari mwilini, na kwa mjamzito hushusha zaidi. Ningemwongezea nyingine ningemmaliza.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, kisha nikacheka, kisha nikanawa uso. Mzee Enea hakunigombeza. Mchana aliniuliza tu, tukiwa tunakula, "Sukari ikishuka jasho linatoka. Kwa nini?" Nikamjibu kwamba mwili umeshtuka na unamwaga adrenalini. Akanisogezea kipande cha nyama kutoka sahani yake. Mpaka leo sijapata sifa niliyoipenda kuliko ile nyama.

Nilipohamia Tunduma nilikuta kazi ya namna nyingine. Mpakani watu hawana muda. Kuna madereva wa malori, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, kina mama wenye mizigo ya kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja anataka atibiwe kabla hajakaa. Dereva mmoja wa Zambia aliingia akichechemea, akanisalimia, "Mulishani, mukwai," akaomba dawa ya kuchua tu kwa sababu kiatu kimemuumiza. Nilimwambia avue viatu vyote viwili. Mguu mmoja ulikuwa mnene, wa moto, mwingine wa kawaida. Alikuwa amekaa kwenye foleni ya malori siku nne, anashuka kwa ajili ya choo tu. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Nilimkatalia kuchua, kwa sababu lile bonge likinyofoka linakimbilia mapafuni, nikamwandikia rufaa. Alikasirika sana kuhusu mzigo wake. Miezi baadaye alipita kunisalimia, akiwa bado amekasirika kidogo.

Dereva huyo ndiye aliyezaa kadi zangu. Wanafunzi wa utabibu waliokuwa wakija kwetu kwa mazoezi walikuwa wengi na mimi sikuwa na miguu ya Mzee Enea ya kutembea na kila mmoja. Nikaanza kukata maboksi ya glavu. Mbele naandika swali, nyuma jibu. Na kwa kuwa magonjwa yanayotuangusha ni yale yanayofanana, nikayapanga mawili mawili, nikayaita mapacha. Mapacha wa kwanza walitoka kwa dereva yule, mguu mmoja kuvimba na miguu miwili kuvimba. Mwenye kisukari aliyeanguka ghafla akiwa na jasho, na mwenye kisukari aliyelegea taratibu siku tatu, mkavu, pumzi inanuka matunda yaliyoiva mno. Mkulima wa kahawa mwenye mboni ndogo, mate na jasho baada ya kupuliza dawa ya wadudu, na aliyekula majani asiyoyajua, mboni zimetanuka, kinywa kikavu. Mapacha wangu niliwapenda kuliko nilivyopaswa.

Kila asubuhi, saa moja na nusu, kabla wagonjwa hawajaitwa, tulisimama kwenye korido na kadi. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba unasema jibu, unasema kwa nini, ndipo unageuza. Anayegeuza kabla ya kusema alikuwa anafagia chumba namba tatu. Chumba kile kilikuwa kisafi miaka yote.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa na kundi la wanafunzi watano. Wawili nitawataja. Baraka alikuwa na mdomo mwepesi, swali halijaisha yeye ameshamaliza, na kwa kawaida alikuwa sahihi, jambo lililomharibu kabisa. Atupele alitoka kwao Ileje, binti mpole, na alikuwa anajibu wa mwisho siku zote. Alikuwa anaikunja sura, anatembea na kwa nini yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, wenzake wameshafika kadi ya tatu. Mimi nilikuwa namtania mbele ya watu. "Atupele, mgonjwa akikusubiri wewe atapona mwenyewe aondoke." Wenzake walicheka. Yeye pia alicheka, lakini kidogo.

Wanafunzi hao ndio walioniomba kadi zichapwe, kwa sababu maboksi ya glavu yalikuwa yameshachakaa. Nikapeleka kazi kwenye duka moja la stesheneri karibu na mpaka. Binti wa pale alichapa vizuri, maswali karatasi hii, majibu karatasi ile, kadi mbili kila mstari, pacha na pacha wake bega kwa bega. Nilikaa kwenye benchi lake nikasoma kila neno. Maswali yalikuwa sawa, majibu pia. Akatoa kwenye karatasi ngumu za manila, mbele na nyuma, akakata, akanifungia seti tano kwa mpira. Nikawagawia wanangu siku ile ile, ambayo pia ilikuwa siku ya mwisho ya Atupele. Alikuwa amemaliza, amepata mkataba kwenye zahanati moja kata ya Mbebe.

Nadhani aliyewahi kutengeneza kadi ameshaona kosa. Karatasi ukiigeuza, kushoto kunakwenda kulia. Jibu la kadi ya kushoto lilikwenda kukaa nyuma ya kadi ya kulia, na la kulia nyuma ya kushoto. Kila pacha alibeba jibu la mwenzake. Kama ningekuwa nimeyapanga magonjwa ovyo, mtu angegeuza kadi ya kisukari akakuta habari ya kung'atwa na mbwa, angecheka, angeirudisha. Lakini mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimeyaweka jirani yale yanayofanana. Kila jibu la uongo lilionekana la kweli. Na mimi niliyefagilisha watoto wa watu chumba kwa ajili ya kugeuza kadi, sikuwa nimegeuza hata moja.

Baraka ndiye aliyelifichua, Jumatatu, siku kumi baadaye. Wiki iliyotangulia nilikuwa likizo na korido ilikuwa kimya. Akasoma kadi ya mwenye kisukari aliyelegea siku tatu, akaigeuza haraka kabla ya kusema lolote, akatangaza, "Mpe sukari mara moja."

"Rudia," nikasema.

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nilimnyang'anya kadi, maana huyo sukari yake tayari imepanda mno. Nikachukua ya pili, ya tatu, ya nne. Nikakusanya seti nne pale pale, nikahesabu mara mbili kana kwamba ya tano ingetokea. Ya tano ilikuwa Mbebe, kwa mtu ambaye yuko peke yake na wagonjwa.

Nilipiga simu, haipatikani. Nikatuma ujumbe, ukabaki na tiki moja. Lusajo akanitafutia namba ya mganga mfawidhi wa zahanati ile. Alipokea akanong'ona kwamba yuko kwenye mafunzo Itumba tangu juma lililopita, amemwacha Atupele na muuguzi, na kwamba huko Mbebe mnara wa simu ulikuwa umeharibika. "Ila yule binti ni mzuri, Dokta, ana zile kadi zako, anazifuata kweli kweli," alisema. Alidhani ananifurahisha.

Katika kadi zile kulikuwa na jozi moja iliyonikaa kichwani. Kushoto ni mtoto mwenye lishe nzuri anayeharisha sana, amekauka, hawezi kunywa. Huyu anapewa dripu, na haraka. Kulia ni mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo mkali, anaharisha, macho yameingia ndani. Ukiwatazama watoto hao wawili, macho yao yanafanana. Lakini huyu wa pili moyo wake umekonda pamoja na mwili. Anapewa maji maalumu kwa kijiko, kidogo kidogo. Ukimfungulia dripu ya haraka, moyo unazidiwa, mapafu yanajaa maji, na anakufa mikononi mwako ukidhani unamwokoa.

Nilipanda gari pale Mpemba nikashuka Isongole. Lami siku hizi imefika, lakini njia nzima niliiona ndefu. Isongole nikachukua bodaboda, kijana mmoja mwenye koti zito la mvua. Kwenye mlima wa kwanza akaniuliza, "Mama, unawahi msiba?"

"Sijui bado," nikamjibu. Akaongeza mwendo na hakuuliza tena.

Nilimkuta Atupele nje ya zahanati, ananawa mikono kwenye ndoo ya bomba. Aliponiona alishtuka, akakausha mikono haraka kwenye koti.

"Shikamoo, Madam. Mbona ghafla?"

"Marahaba. Kadi ziko wapi?"

Uso ukambadilika. Akaingia ndani, akarudi na kadi zake zimefungwa mpira uleule. Nilipitia mpaka nikaipata ile ya mtoto aliyedhoofu. Nilisoma swali, nikageuza. *Dripu, haraka.* Nilimwuliza bila kumtazama kama amewahi kupata mtoto wa namna hii.

"Ijumaa iliyopita," akasema. "Aliletwa na bibi yake. Mikono hivi," akanionyesha kidole chake kidogo. "Anaharisha siku mbili."

"Ukamfanyaje?"

Akainamisha kichwa. Muuguzi wake, mama mmoja mtu mzima, alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akajifanya haangalii.

"Nisamehe, Madam," alisema Atupele. "Sikufuata kadi."

Sikumwelewa mara moja. Nikamwambia aseme tena.

"Sikufuata kadi. Nilimpima mtoto, nikaitoa kadi yake. Nikasema ngoja nithibitishe, nikasoma swali nikamwambia mama huyu hapa kwamba jibu langu ni kijiko, kidogo kidogo. Nikageuza, nikakuta dripu. Nikasema labda mwongozo umebadilika na mimi sijasikia, Madam hawezi kukosea, nikaandaa mpaka kanula, ile sindano ya dripu. Nikairudisha kichwani. Kwa nini haraka? Nikatafuta kwa nini, Madam, sikuipata. Ya kijiko nilikuwa nayo. Moyo wake ni dhaifu, maji mengi utashindwa kuyasukuma."

Muuguzi akaweka beseni chini. "Nilimwambia fanya upesi, binti, kadi si imesema," akasema. "Akaniambia mama, nisubiri. Nikaona binti huyu ataharibu kazi."

"Ukampa kijiko?"

"Tulipokezana na mama huyu, asubuhi mpaka jioni. Tulikuwa na pakiti za maji ya watoto wa utapiamlo. Nikampa na sukari kidogo, tukamfunika. Jioni gari la rufaa likapita, likamchukua. Jana dereva amerudi, anasema mtoto ameanza kunywa maziwa na analia akinyang'anywa kikombe." Akaitazama kadi mkononi mwangu. "Lakini nimekaa na hofu tangu siku ile. Nilipokuona hapa nikajua umekuja kuniambia nilikosea."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Sioni haya kuandika kwamba nililia, mbele ya muuguzi, mbele ya kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri, na mbele ya mzee mmoja aliyekuja na kikohozi chake. Ilikuwa raha tupu. Kitu kizito kilichokuwa kimenikaa kifuani kutoka Tunduma kilitoka chote, nikabaki mwepesi mpaka nikahisi njaa. Nikamweleza Atupele habari ya karatasi, kushoto na kulia. Alisikiliza taratibu kama kawaida yake, sura ameikunja, mpaka mwisho. Kisha akapumua.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea. Na nilikosea pia kukutania pale kwenye korido."

Aliangalia chini, akacheka, safari hii zaidi ya kidogo. Muuguzi akatuletea uji na magimbi ya kuchemsha, nikala kama mtu aliyetoka kulima. Mzee mwenye kikohozi alitibiwa kwanza, msije mkasema nimewafundisha vibaya. Halafu mimi na Atupele tukaketi na kalamu tukafuta na kuandika upya nyuma ya kila kadi, pacha kwa pacha, na kila moja tuliigeuza mara mbili. Ile ya mtoto aliyedhoofu tuliiandika mpya, ya zamani nikaiomba nirudi nayo.

Kijana wa bodaboda alipokuwa ananirudisha Isongole aliniuliza tena. "Sasa mama, vipi, kuna msiba?"

"Hakuna," nikasema. "Endesha polepole, nataka kuona mashamba."

Seti zote mlizonazo sasa ni sahihi. Lusajo na mimi tumezigeuza moja moja, na ninyi zigeuzeni tena. Ile kadi moja ya zamani nimeiacha kwenye bahasha ya khaki, kwenye droo ya juu ya chumba namba tatu. Nimeikata pembe ili isichanganyike na nyingine. Mbele ina swali lake, nyuma ina jibu la kosa, lililochapwa vizuri, kwa herufi nyeusi, lenye sura ya jibu kamili. Chini yake kuna maneno madogo ya penseli, ambayo kwa hofu sikuyaona pale zahanati, aliyoyaandika Atupele Ijumaa ile, kabla hajashika kijiko. Ameandika: *Kwa nini? Sijaipata. Simpi.*